Kiraka cha Kumi na Tisa

Kwenye kiwanda cha maziwa walimwita Bi Waya, naye hakuwahi kulikataa jina hilo, maana alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka kumi na mmoja yeye peke yake ndiye aliyejua kinachoendelea ndani ya kile chumba kidogo nyuma ya maabara, chumba chenye feni mbili, kabati la chuma na seva inayonguruma kutwa kucha. Seva hiyo ndiyo iliyopokea uzito kutoka kwenye mizani ya malori, ikauoanisha na majibu ya maabara, kisha ikatoa stakabadhi. Bila stakabadhi lori haliingii. Lori lisipoingia maziwa hukaa juani, na maziwa, jamani, hayajafundishwa kusubiri.

Sasa mtu wa namna hiyo hapewi likizo. Hupewa sifa. Karibu kila mwisho wa mwaka Bi Waya alisimamishwa mbele ya wenzake, akapigiwa makofi, akakabidhiwa cheti, akarudi chumbani kwake kukitundika kando ya vingine. Alikuwa na vyeti tisa ukutani, na likizo hata moja hana.

Miaka minne nyuma, binti yake wa pekee, aliyeolewa mji wa mbali, mwendo wa nusu siku kwa basi, alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Bi Waya alishapanda basi, mfuko uko miguuni, simu ikalia: seva imekwama, malori sita yako getini. Akashuka. Alimaliza kuitengeneza saa tisa alasiri, na mjukuu alikuwa amezaliwa saa nane. Alimwona kwa mara ya kwanza akiwa na miezi mitatu, anamchekea kila anayepita. Binti hakugomba. Aliuliza tu, huku anakunja nepi, "Mama, hivi kati yangu na ile mashine, ulimzaa nani?" Swali hilo lilimkaa Bi Waya kooni kama mwiba wa samaki, na kwa miaka yote minne hakulitema wala hakulimeza.

Basi binti alipopiga simu kusema ana mimba ya pili, na imeingia mwezi wa sita, Bi Waya aliapa kwamba safari hii atakuwepo, liwalo na liwe. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mkurugenzi kuomba likizo. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kusikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi, utadhani kila ofisi anapita tu. Akamwambia ukweli: mfumo endeshi wa seva, yaani ule mfumo wa chini kabisa unaoiamsha mashine na kuiongoza, umepitwa na wakati na haupati tena masasisho, yaani marekebisho mapya ya watengenezaji. Achague mpya, achague na watakaouhudumia. Ukianguka ukainuka bila yeye kuugusa, aende kwa mwanawe. Usipoinuka, tutaona. Na "tutaona" ya wakubwa kila mfanyakazi anaijua maana yake.

Mkurugenzi mwenyewe alishatembelewa na wauzaji wa mfumo wa leseni, ule unaolipiwa kila mwaka kwa kila mashine na ambao ndani yake huruhusiwi kuchungulia. Hata kalamu yao alikuwa nayo mfukoni. Moyo wa Bi Waya ulikuwa kwenye mfumo huria, ambao yeyote anaweza kuuchukua, kuufungua, kuusoma na kuubadilisha. Ndio alioutumia miaka yote kiwandani, bure, akiuhudumia mwenyewe. Safari hii alitaka mfumo wa namna hiyohiyo, ila wenye kampuni nyuma yake na mkataba wa msaada. Mkurugenzi akacheka. Kama ni cha bure, tunalipia nini?

"Mfumo hatulipii," Bi Waya akamjibu. "Tunamlipa mtu wa kupokea simu siku ambayo mimi sipo."

"Na kampuni yao ikifungwa kesho?"

"Mfumo unabaki wetu, tunatafuta fundi mwingine anayeujua. Hao wa leseni wakifungwa, tunabaki na kalamu."

Mkurugenzi aliitazama kalamu yake. Akampa ruhusa ya kujaribu.

Bi Waya hakuwa mtu wa kusoma vipeperushi. Namna yake ya kuchagua ilikuwa moja: Jumapili saa mbili asubuhi, watu wanapotaka kupumzika, alikaa mezani kwake na saa ya ukutani mbele yake, akaiharibu kompyuta ya majaribio kwa makusudi, halafu akapiga namba ya msaada ya kila kampuni. Ya kwanza ilimpigia muziki dakika hamsini na moja, huku ikimhakikishia kwamba simu yake ni muhimu. Ya pili ilipokelewa haraka na kijana mwenye adabu nyingi, aliyesema "ondoa wasiwasi" mara saba na hakuondoa tatizo hata moja. Ya tatu ilikuwa kampuni ndogo. Akapokea mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza, na kabla salamu hazijakwisha akauliza maswali matatu: mnatumia toleo gani, mlisasisha lini mara ya mwisho, na mmebadilisha nini kwa mkono wenu?

Dakika ishirini baadaye kompyuta ilikuwa imeinuka. Bi Waya akamwuliza kuhusu toleo jipya kabisa, lile lililotoka mwezi uliopita, maana lilikuwa limemteka roho. Mwanamke akamkatalia wazi. Biashara haihitaji mfumo wa kutambia, alisema, inahitaji unaozeeka polepole. Chukueni la mwaka juzi, litahudumiwa miaka kumi. Bi Waya alipenda mtu anayeweza kumkatalia. Alikuwa hajakataliwa na fundi yeyote siku nyingi, kwa sababu hakukuwa na fundi mwingine.

Lakini lile swali la tatu alilijibu, "Hakuna tulichobadilisha." Uongo mtupu. Ule mfumo ulikuwa umejaa viraka vyake kama shuka la bweni. Printa ikigoma, kiraka. Mizani ikichelewa kujibu, kiraka. Vyote alivitia kwa mkono ndani ya mfumo wenyewe, na hakuna alichokiandika popote, maana alikuwepo, sasa aandike kwa ajili ya nani? Na hilo toleo la mwaka juzi lilipowekwa kwa mwezi wa majaribio, akavihamisha vyote kimyakimya, kimoja kimoja. Akaona kuvitaja ni kujivua nguo mbele ya mgeni.

Wiki ya tatu ya majaribio masasisho yakaja, yakagongana na viraka, seva ikaanguka saa tatu asubuhi. Malori tisa yakapanga foleni hadi barabarani. Bi Waya alipiga namba ya msaada, yule mwanamke akamwelekeza hatua kwa hatua, na kila hatua ikagoma, mpaka mwanamke akasema kwamba hicho anachokisikia si mfumo alioelezwa. Maziwa ya malori mawili yalishaanza kuchachuka. Bi Waya akakata simu, akapitia njia zake mwenyewe anazozijua, na baada ya dakika ishirini stakabadhi zikaanza kutoka.

Mkurugenzi akaja na funguo zake, amejaa furaha. Akamshika bega mbele ya watu wote wa maabara, akasema mkataba wa nini tena, mkataba wao ndiye huyu hapa. Wakapiga makofi. Na Bi Waya, tusimfiche, alifurahi. Alifurahi mpaka alipofika mizanini.

Pale mizanini alikaa karani wa mizani, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, anayechapa kwa kidole kimoja na kuiogopa kompyuta kama mbwa asiyemjua. Alimpongeza vizuri tu. Kisha akamwuliza binti anajifungua lini. Bi Waya akasema miezi miwili imebaki. Karani akakiangalia kile chumba cha nyuma ya maabara, akamwangalia yeye.

"Dada, mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. "Una kitu humwambii yule mama wa simu. Mimi sijui kompyuta, lakini watu nawajua."

Bi Waya alirudi chumbani, akafunga mlango, akakaa chini ya vyeti vyake tisa, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Yale makofi ndiyo yaliyomshusha kwenye basi miaka minne nyuma. Akaichukua simu.

"Nilikudanganya," akamwambia yule mwanamke. "Tumebadilisha mengi. Mimi ndiye niliyebadilisha."

"Nilijua," sauti ya kukwaruza ikajibu. "Pale kwenye swali la tatu karibu wote hudanganya. Tafuta daftari, tuanze na cha kwanza."

Ilichukua wiki tatu. Bi Waya aliandika kila kiraka: kilifanya nini, kilitiwa lini, kwa nini. Vilifika arobaini na saba. Kila kimoja walikijadili kwenye simu, kisha akaking'oa kwa mkono wake au akakitoa nje ya mfumo, mahali ambapo masasisho hayatakigusa na mtu mwingine ataweza kukisoma. Vingine vilimuuma kuving'oa, maana vilikuwa vya ufundi kweli, usichezee. Aliving'oa hivyohivyo. Jioni alipanda basi la nyumbani mgongo umekufa ganzi, asubuhi akarudi, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Kiraka cha kumi na tisa kilimsimamisha. Alikumbuka tarehe yake bila kutafuta. Ndicho alichokitia siku ile aliposhuka kwenye basi. Akamsomea yule mwanamke kazi yake, naye akasema kwamba hicho kiondoke tu. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwenye masasisho yaliyokuwa yameshatoka wiki moja kabla ya tarehe hiyo. Wangekuwa wanasasisha, ile seva isingekwama kabisa. Bi Waya aliutazama mstari huo kwenye kioo cha kompyuta. Akalia kidogo, akapangusa macho kwa kanga ya kufutia vumbi, akakifuta.

Siku ya mtihani alimkabidhi mkurugenzi funguo zake na simu yake, akaketi kwenye benchi la nje ya mizani, mikono mapajani. Mkurugenzi mwenyewe aliizima seva kwa kuchomoa waya, malori yakiwa manne getini. Aliyepaswa kupiga simu ya msaada alikuwa karani wa mizani, kidole chake kimoja na woga wake wote. Dirisha lilikuwa wazi, na Bi Waya alimsikia akimsomea yule mwanamke maneno ya kwenye kioo herufi kwa herufi, akikosea, akirudia, akiomba radhi. Mara mbili Bi Waya aliinuka, mara mbili akajikalisha. Dakika thelathini na nane. Kisha printa ikakohoa na stakabadhi ya kwanza ikatoka, na karani akaishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyempigia Bi Waya makofi siku hiyo. Mkurugenzi alimrudishia simu yake, akatia saini mkataba wa msaada juu ya benchi lilelile, kwa kalamu ya wale wauzaji.

Alifika kwa binti siku tatu kabla ya kujifungua. Uchungu ulipoanza, asubuhi, walikwenda hospitali pamoja, na Bi Waya akakaa pembeni ya kitanda akimkanda mgongo. Simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Ilikuwa ya karani wa mizani. Binti akaliona jina, akafumba macho.

"Pokea tu, Mama. Nimeshazoea."

"Wana namba ya kupiga," Bi Waya akasema, akaizima simu. "Na si yangu."

Binti akaushika mkono wake na hakuuachia mpaka saa nne na robo, mtoto alipolia.

Mchana, mama na mtoto wamelala, Bi Waya aliiwasha simu. Karani alikuwa ameacha ujumbe, na mtu wa kidole kimoja huandika kwa ufupi: mashine iliganda, tumempigia yule mama, imeinuka. Nilikuwa nauliza tu kama mtoto kafika.

Bi Waya akamjibu: "Kafika. Wa kike. Nilikuwepo."