Paka wetu alisalimia watu nisiowaona kwenye uwanja wa besiboli, Maskati

Wakuu, habari za kutwa.

Najua humu mtu akileta jambo kama hili anaambiwa ni chai. Mimi sina muda wa kuchemsha chai. Nina kazi, nina mtoto, na nina mama mkwe ndani ya nyumba. Ninayoyaandika ndiyo niliyoyaona.

Naishi Bawshar, hapa Maskati. Wazee wetu walitoka Unguja, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili, nje ni Kiarabu, na mtoto akikasirika ni Kiingereza. Kazi yangu ni mfamasia. Nalitaja hilo ili mjue mimi ni mtu wa kusoma kibandiko kabla ya kumeza. Mambo ya majini huwa nawaachia wenyewe.

Binti yangu Raya yuko darasa la tano. Wenzake wanacheza football, yeye kaja na besiboli. Aliiona kwenye simu, akang'ang'ania mpaka tukampatia timu. Watoto ni mchanganyiko, na kocha ni Mfilipino mpole sana ambaye akiingia uwanjani anageuka kipaza sauti.

Kwa msioijua besiboli: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, na waliobaki wanausubiri kuudaka. Raya anasimama nyuma kabisa, karibu na uzio wa waya. Ni sehemu ya watu wenye subira, na mwanangu hana hata chembe, lakini ndiko alikopangwa.

Halafu kuna paka. Anaitwa Halwa, kwa sababu ya rangi yake. Paka huyu angekuwa mtu angegombea ubunge na angepita bila kupingwa. Tukimwacha nyumbani analia mpaka mama mkwe anapiga simu, kwa hiyo huwa tunakwenda naye practice.

Pale uwanjani wazazi tunapanga viti mstari mmoja, na tende na kahawa katikati. Halwa anaanzia kulia. Anapita kiti kwa kiti, mkia juu, anajisugua kwenye miguu ya kila mmoja, haruki hata mtu. Ndivyo afanyavyo mtu wa hapa akiingia majlisi, anapeana mikono na wote kuanzia kulia. Tulikuwa tunamcheka kwamba ana adabu kuliko watoto wetu.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri. Uwanja mkavu, upepo mzuri, ila juu ya milima wingu lilikuwa jeusi. Uwanja wetu uko ukingoni mwa wadi. Kwa mlio mbali, wadi ni mto ambao karibu mwaka mzima hauna maji. Watu wanaegesha magari humo, watoto wanaokota mipira humo. Lakini mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka kwa kasi hata kama mjini halijadondoka tone.

Kocha akalitazama wingu, akasema tumalize raundi hiyo kisha tufunge.

Mimi nilikuwa kiti cha mwisho. Halwa akanisalimia, akanipita, nikajua ndiyo mwisho wa mstari.

Akaendelea.

Akaenda kando ya uzio ambako hakukuwa na kiti wala mtu. Anasimama, anajisugua kwenye kitu ambacho hakipo, anasogea kidogo, anasimama, anajisugua tena. Nafasi ileile ya kutoka kiti hadi kiti.

Mama Joy, Mganda tuliyezoea kukaa naye, alicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Huyo anasalimia nani sasa?" akauliza.

Nikamwambia anajikuna tu. 

Halwa alifika mwisho wa uzio, penye kijilango cha kutokea wadini. Akakaa, akatazama juu. Akafumba macho na kuinamisha kichwa, namna anavyofanya ukimkuna utosini.

Wakati huohuo mpira ukapigwa, ukavuka uzio. Raya akapita kijilangoni pale pale, hatua moja kutoka kwa paka, akateremka wadini kuufuata.

Ndipo honi za magari zikaanza kutoka upande wa juu, na wanaume wanapiga kelele, "Wadi! Wadi!" Nyuma ya kelele zao nikausikia mvumo wa maji.

Nikasimama nikaita, "Raya!"

Hakugeuka. Alikuwa amenipa mgongo, anatafuta mpira kwenye mawe.

Nikataka kuita tena, sauti haikutoka. Wakuu, sijui kama yamewahi kuwakuta. Mdomo uko wazi na hakuna kitu. Nikakimbia, abaya ikanasa kwenye waya, nikaanguka kifudifudi.

Nilipoinua kichwa, Raya alikuwa upande wetu wa uzio, anahema. Maji yakapita nyuma yake, rangi ya matope, yamebeba matawi na mtungi wa gesi.

Nililia mbele za watu bila aibu.

Kwenye gari nikamuuliza kwa hasira, "Mbona nilikuita hukuitika?"

"Bibi alisema nikiitwa na mtu nisiyemuona nisiitike wala nisigeuke mpaka aite mara tatu. Ulipoita ya tatu nikaja mbio."

Kweli, mama mkwe amewalea wanawe wote hivyo, na mume wangu pia. Wanasema asiye mtu huita mara moja, na ukimwitikia umekwisha.

Lakini mimi niliita mara moja tu. Nilimpigia simu Mama Joy, naye alisikia moja. Kocha alisikia moja.

"Zile mbili nyingine ulikuwa unaita karibu," Raya akasema. "Kutoka pale alipokaa Halwa."

Tulipofika nyumbani mama mkwe alikuwa anafukiza ubani. Akasikiliza yote, kisha akamuuliza Raya, "Sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama."

Akaweka chetezo chini. "Nnakwambieni, mshukuruni Mwenyezi Mungu, na msiulize tena."

Funzo la kwanza ni jepesi: wingu likiwa mlimani, mtoe mtoto karibu na wadi hata kama jua linawaka.

La pili ndilo linaninyima usingizi. Namshukuru Mungu mtoto ni mzima. Ila sauti ilikuwa yangu, na aliyeitumia alijua kwamba kwetu lazima zitimie tatu. Ile ndiyo ilikuwa kufuli yetu, na kumbe kuna mwenye ufunguo.

Tangu siku ile simwiti Raya kabisa. Nikimtaka, naacha ninachofanya, napanda ngazi, namgusa bega.

Wenye kujua mambo haya nisaidieni, na wa kunicheka karibuni pia. Ila msichelewe. Jana nilikuwa jikoni nakanda unga, kimya, nikamsikia anashuka ngazi mbio.

"Abee Mama, nimekuja."