Foleni Nyuma ya Donati

Donati hakumwamini mtu anayeomba kidogo. Ukimwomba nyanya moja atakupa, lakini jicho lake liko kwenye mkono wako wa pili. Kambi ndiyo iliyomlea hivyo, kule Kigoma, ambako Mrundi akiona mtu amekuja na kalamu kuhesabu watu kwa makundi, alianza kufunga mizigo. Basi hata alipofika Louisville, Marekani, akapata kazi ghalani, nyumba mtaa wa Newburg na uenyekiti wa baraza la kanisa, aliishi kwa macho manne.

Kanisa lilikuwa la Warundi wengi na Wakongo wachache wa milima ya Kivu Kusini. Uchaguzi waliufanya kama kambini: wagombea wanasimama mbele, watu wanapanga foleni nyuma ya wamtakaye, wenye foleni ndefu wanachukua. Kila mwaka viti vyote vilikwenda kwa Warundi. Donati hakuona ubaya wowote.

Januari moja Rakeli, dada yake Bisogo, akafariki. Bisogo ndiye aliyekuwa msemaji wa wale Wakongo. Baraza lilikuwa limeshatoa ukumbi kwa harusi, na hakuna aliyetaka kuisogeza. Wakongo wakalia msiba wao kwenye pakingi ya apatimenti, baridi inawakata masikio. Donati alikwenda harusini. Mama yake, Agata, alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani.

Wiki iliyofuata Bisogo akaja barazani na karatasi za Kifaransa.

"Donc, ndugu mwenyekiti, hii ni mabishano ya bunge ya Ubelgiji, mwaka 1899. Walikuwa wanauliza: watu robo wakikosa hata kiti moja, hiyo ni demokrasia? Wakaamua viti vifuate hesabu ya kura. Siye hapa tuko robo. Tunaomba kiti moja tu."

"Wabelgiji!" Donati aliruka. "Si ndio hao waliotuandikia kabila kwenye vitambulisho? Leo wamekuwa walimu wa demokrasia?"

"Bon, haki walijiwekea kwao, siye wakatuletea fimbo. Lakini swali yao ni nzuri."

"Na wote bungeni walikubali?"

"Hapana. Wengine walisema inchi itapasuka."

"Mmesikia wenyewe! Bisogo, unataka kugawa watu wa Mungu. Leo kiti, kesho ufunguo, keshokutwa jengo!"

Ikapigwa kura, kwa foleni ile ile. Mzee Kamanzi, Mkongo kabisa, alisimama nyuma ya Donati huku akitazama viatu vyake. Donati akafurahi: hata watu wake hawamtaki! Jamani, kila mtu alijua kwamba Kamanzi hana gari, na kwamba ni Mrundi anayempeleka kazini kila asubuhi.

Ombi likaanguka, Bisogo akahamia Buffalo, jimbo la New York. Baadaye Donati naye akafuata kazi nzuri zaidi Columbus, akapanga nyumba kitongoji cha Hilliard na mkewe Flavia na mama yake. Kanisa la huko Wakongo ndio wengi. Siku ya uchaguzi Donati akagombea. Nyuma yake walikuwa wawili tu: Flavia, na mama kwenye kiti cha magurudumu. Akaapa kwamba watu wamepangwa kumwangusha. La sivyo, kwa nini wanamsalimia kwa uchangamfu vile?

Kisha Agata akafariki. Donati akaomba ukumbi.

"Pole sana, ndugu," mwenyekiti alisema. "Ukumbi iko na harusi. Baraza ilisha kuamua."

Donati akajua moja kwa moja: huu ni mkono wa Bisogo. Ndugu zake hawa, amewapigia simu. Akaweka viti kwenye pakingi, roho inamuuma.

Mchana gari la namba za New York likaingia. Akashuka Bisogo.

"Umekuja kunicheka," Donati alisema. "Wewe ndiye uliyewaambia."

"Niwaambie nini? Nimesikia mama amekufa, nimeendesha tangu asubuhi. Kilio ya Rakeli weye hukukuja. Mama yako alikuja. Alikaa na siye kwenye baridi mpaka mwisho."

Donati alimtafuta usoni aone kama anadanganya. Hakuona kitu. Machozi yakamtoka.

"Zile karatasi za Wabelgiji," alisema baadaye, "bado unazo?"

Bisogo akamtazama kwa jicho la pembeni. "Za nini? Unataka kugawa watu wa Mungu?"

Donati alimsogezea kiti. Bisogo akakaa.