Asubuhi Baba Alipogonga Mashua

Ko, ko, ko.

Ni vifundo vya vidole vya baba kwenye ubavu wa mashua. Hata leo ukiniuliza utoto wangu ulikuwa na sauti gani, sitakutajia kengele ya shule wala ile mashine ya kusukuma theluji iliyokuwa ikinguruma chini ya dirisha letu pale Saint Paul, Amerika. Nitakugongea meza mara tatu, basi.

Na ndivyo ilivyonirudia juzi. Nilikuwa kwa wazazi, mama ameshasonga bugali, sombe ya majani ya muhogo inatoa mvuke, akaniambia, "Mwite baba yako." Baba alikuwa amekaa mezani pale pale, uso dirishani. Siku hizi ukimwita kwa mdomo unajichosha bure. Kiwanda kimemchukulia masikio, miaka yote ile ya kusimama kando ya mashine moja. Kwa hiyo tunagonga meza, naye anasikia kwa viwiko. Nikagonga. Akageuka akatabasamu, na mimi, hapo hapo na kijiko mkononi, nikawa nina miaka kumi, nimevaa jaketi la kuelea linalonifika magotini, midomo imekauka kwa chumvi.

Ngoja nikusimulie.

Baba alikuwa mvuvi kule kwetu, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Mimi sikuuona huo uvuvi wake. Nilizaliwa kambini, Tanzania, na nikafika Amerika nikiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Lakini niliusikia kila Jumapili. Watu wa kanisa walikuwa wakija kwetu baada ya ibada, viatu vinajaa mlangoni, mama anakaanga ndagala, wale dagaa wakavu, mpaka king'ora cha moshi kinalia na sisi watoto tunakipungia mataulo huku tunacheka. Hapo ndipo baba alipoanza: mtumbwi wake, nyavu zake, samaki wanaoitwa mikeke aliowavua wakubwa kama mkono. Na kila Jumapili kulikuwa na jirani yetu mmoja, mpiga ngoma wa kwaya, mtu wa utani sana, aliyemkatiza.

"Mvuvi! Sasa samaki wako wapi? Huyu wa mezani mke wako amemnunua dukani, ana alama ya bei!"

Watu wanaangua kicheko. Baba naye anacheka. Ila mimi niliyekaa miguuni pake nilikuwa naona vidole vyake vikijikunja.

Utaniuliza, mji wote ule umezungukwa na maziwa, alishindwaje kuvua? Mama alimwuliza hivyo hivyo. Baba alikuwa anaogopa sheria. Kule kwao ulikuwa unasukuma mtumbwi unakwenda. Huku kuna karatasi ya kibali, kuna majira, kuna samaki anayeruhusiwa na asiyeruhusiwa, na kila kitu kimeandikwa. "Nimepata nchi juzi tu," alikuwa akisema. "Siwezi kuipoteza kwa ajili ya samaki mmoja." Tukipita kando ya ziwa na gari anapunguza mwendo, anatazama maji, halafu anakanyaga mafuta.

Sasa, shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ametupwa na safari ile ile ya ukimbizi mpaka kusini kabisa, kwenye pwani ya Louisiana. Alikuwa akipika katika mgahawa mdogo ulio gatini, ambapo waongoza wavuvi hunywa kahawa alfajiri kabla ya kuwapeleka wageni kwenye maji mafupi kutafuta samaki mwekundu. Kazi yao ni hiyo: mgeni anakuja na hamu yake, wao wanamwonyesha samaki alipo. Mmoja wao, mzee wa ndevu nyeupe ambaye kila mtu alimwita Kapteni, alipenda sana supu ya shangazi. Siku moja shangazi akamwambia habari za kaka yake. Kapteni akasema, mlete. Nina asubuhi moja mwezi wa saba haina mgeni.

Asubuhi moja. Baba aliomba siku nne kazini, naye alikuwa hajawahi kuomba hata moja.

Mama hakwenda, mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Lakini alitufungia maandazi na mayai ya kuchemsha, akatupa na sanduku kubwa la barafu la bluu aliloazima kanisani. "Mulijaze," alituambia. "Nimeshawatangazia watu. Jumapili tunakula samaki wa mume wangu." Na mpiga ngoma alikuwa ameshaahidi mbele ya wote kwamba siku hiyo atakula kichwa cha samaki na miiba yake, akiomba msamaha kila tonge.

Tuliendesha siku mbili, mimi na baba. Ninachokumbuka ni mahindi tu, mahindi, mahindi, kisha joto linaloingia garini kama mtu. Baba aliimba njia nzima. Na hapa nikuambie jambo linalonitia haya: mimi nilikuwa mtoto wa kujibu Kiingereza. Baba akisema Kiswahili nasikia kila neno, namjibu Kiingereza, naye anaokota anachoweza. Tuliishi hivyo kama watu wanaorushiana mpira juu ya ukuta. Kiingereza chake kilitosha kiwandani, "yes" na "okay" na "tomorrow". Kwa hiyo mashuani mkalimani nilikuwa mimi.

Mashua ya Kapteni ilikuwa bapa kama sinia. Nyuma kulikuwa na kijukwaa, akapanda juu yake, akazima injini, akashika upondo mrefu na kuanza kutusukuma. Maji yalikuwa mafupi hivi kwamba ningeweza kushuka nikasimama, yakafika kiunoni. Pande zote majani ya chumvi, kijani, yamesimama kimya. Harufu ya matope na mayai. Baba alikuwa mbele ameshika fimbo ya kuvulia, na alipouona ule upondo akanigeukia uso unang'aa. "Ona! Na sisi tunao!" Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa kama mtu aliyekutana na ndugu uwanja wa ndege.

Kapteni akanong'ona, "Pale." Mikia. Samaki hawa hula wakiwa wameinamisha kichwa chini matopeni, mikia yao inatokeza juu ya maji, rangi ya shaba, kila mmoja na doa jeusi kama jicho. Walikuwa saba au nane.

Na baba, kwa furaha, akafanya alichokuwa akifanya kila mvuvi wa kwao. Kule samaki hutishwa kwa kelele wakimbilie wavuni. Akainama, akagonga ubavu wa mashua. Ko, ko, ko.

Maji yalipasuka. Mikia yote ikatoweka, yakabaki matope tu.

Kapteni hakupiga kelele. Aliongea taratibu, na hiyo ndiyo mbaya. "Binti, mwambie baba yako hapa ni kimya. Akigonga tena nawarudisha gatini. Sirudii."

Baba akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamtazama. Alikuwa bado anatabasamu, anangoja kusifiwa, mvuvi kwa mvuvi. Nilifikiria ile "sirudii". Nilifikiria jinsi anavyoogopa kukosea nchi ya watu, na barabara ndefu ya kurudi. Nikachagua neno moja la Kiswahili nililoliweza.

"Vizuri," nikasema. "Anasema vizuri."

Sikuwaza mbele ya hapo. Mtoto hawazi mbele.

Tulisukumwa muda mrefu, kona baada ya kona. Jua likapanda. Ndege mweupe alisimama kwa mguu mmoja akatutazama tukipita. Mwisho Kapteni akanyoosha kidole tena, na safari hii walikuwa wengi zaidi, karibu zaidi. Baba akanikonyeza. Kisha akagonga, kwa nguvu zaidi, kwa moyo wake wote, kwa sababu binti yake alikuwa amemwambia ni vizuri.

Kapteni akautoa upondo majini, akaulaza mashuani. Akashuka kwenye kijukwaa chake na kushika ufunguo wa injini.

Baba akanitazama. Akamtazama Kapteni. Akaelewa kwamba kuna kitu hakuelewa. "Nimefanya nini?" akaniuliza, na sauti ilikuwa ile ninayoijua ya ofisini, anapopewa fomu.

Hapo nikalia. Na kilio kikaja na Kiswahili, kibovu, kimevunjika, lakini chote. "Baba, mimi nimekudanganya. Alisema usigonge. Alisema samaki wanakimbia. Alisema ukigonga tunarudi. Mimi niliona unafurahi." Sikuwahi kumwambia baba maneno mengi hivyo kwa lugha yake.

Unadhani alinikasirikia? Alinitazama kwanza kama anayehesabu maneno yenyewe. "Kumbe unajua kusema," akasema. Kisha akanipangusa pua kwa kiganja chake. "Sasa nisemee vizuri. Mwambie kwetu samaki anafukuzwa kwa kelele, ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu. Mwambie huku mimi ni mtoto. Anifundishe, nitanyamaza kuliko jiwe. Na mwambie wewe hukukosa, umenihurumia tu."

Nikatafsiri yote, hata hilo la mwisho, kwa kwikwi. Mkono wa Kapteni ulikaa juu ya ufunguo. Akakuna ndevu.

"Anafukuza samaki kwa kelele?" akauliza. "Haya. Mwambie baba yako ipo sehemu moja anayoweza kupiga kelele."

Akatupeleka penye kimkondo, maji ni marefu kidogo na yamechafuka, macho hayafiki chini. Akatoa boya la plastiki lenye tumbo lililobonyea, la rangi ya chungwa, akalifunga kwenye mshipi juu ya ndoana. Ukivuta fimbo kwa nguvu, boya linameza hewa na kulia: bluk! Samaki anadhani mwenzake anakula, anakuja mbio kudai fungu lake. Baba alivuta mara moja, akasikiliza. Bluk. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Hawa samaki ni kama mpiga ngoma wetu! Wakisikia sahani tu, hao!" Nikamtafsiria Kapteni, naye akacheka, ingawa mpiga ngoma hakumjua.

Mara boya likazama.

Sitakudanganya kwa urefu wa vita hivyo. Najua tu kwamba fimbo ilipinda kama upinde, Kapteni alikuwa anasema "taratibu, taratibu", mimi natafsiri "polepole, baba, polepole", na baba alikuwa hatusikii wote wawili. Mikono yake ilikuwa imekumbuka yenyewe. Samaki alipoletwa ubavuni alikuwa mkubwa kama mdogo wangu, wa shaba tupu, anahema.

Kapteni akamlaza kwenye ubao wenye alama, akatikisa kichwa. Amezidi kipimo. Lazima arudishwe.

Nilitafsiri bila kupunguza neno. Nilikuwa nimekwisha jifunza. Baba aliutazama ule ubao. Nililiona lile sanduku la bluu limefunguka mdomo, nikamwona mama, nikaona viatu vyote vya Jumapili mlangoni.

"Mwulize kwa nini."

"Anasema hawa wakubwa ndio wanaozaa wengine."

"Ah." Baba akapiga magoti. "Basi aende akalee."

Hakumwachia Kapteni. Alimshika yeye mwenyewe majini, mkono mmoja tumboni na mwingine mkiani, akawa anamsogeza mbele na nyuma mpaka mapezi yakaamka. Kisha akafungua vidole. Mkia ulimrushia maji usoni na hakujipangusa.

Hatukupata mwingine. Simu ya baba ilikuwa kwa shangazi, aliogopa isiingie chumvi, kwa hiyo hata picha hakuna. Mama alipofungua sanduku pale Saint Paul akatutazama, akalitazama, akatutazama. "Mulikwenda mpaka baharini kuniletea barafu?" Alicheka hadi akakaa chini sakafuni.

Jumapili ile mpiga ngoma alikuja na kitambaa kimefungwa shingoni tayari. "Kichwa kiko wapi, mvuvi? Huyo mnayesema mlimrudisha, nani alimwona?" Watu wakaanza kucheka. Nikasimama. Nikasimulia yote kwa Kiswahili, kugonga, uongo wangu, boya, ubao, mikono yake ilivyofunguka. Nilikosea maneno mengi na hakuna aliyenirekebisha. Nilipomaliza, mpiga ngoma akavua kile kitambaa, akamwekea baba begani. "Mvuvi," akasema, na safari hii neno hilo halikuwa la utani.

Sasa nyumba ile wanaishi wengine. Mpiga ngoma alihamia Iowa. Shangazi alinipigia majira ya kuchipua akaniambia Kapteni ameuza mashua, na pale tulipovulia hakuna tena majani, bahari imeyala, umebaki uwazi wa maji. Nilitaka kumwambia baba. Ilinibidi niandike kwenye karatasi. Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati.

Juzi hiyo, baada ya chakula, sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilipita Roseville, kitongoji cha jirani, kwenye ziwa moja dogo lenye gati la mbao. Jua lilikuwa bado lipo. Hakukuwa na mtu. Nikapiga magoti ukingoni, nikagonga mbao mara tatu, nikalaza kiganja nisikie kama anavyosikia yeye, mpaka mtetemo ulipokwisha. Kisha nikagonga tena, kwa nguvu zaidi, kama alivyogonga nilipomwambia ni vizuri.