Taa Iliyomulika Mikaratusi

Yule aliyeniuzia taa ya LED kando ya barabara hapa Bukavu, akaniapia kwamba "papa, na hii taa giza litakukimbia", ninamtafuta mpaka leo. Siyo kwa ubaya. Ninataka tu apande pikipiki yangu, nyuma, pale bibi yangu, mama wa watoto wangu, anapokaa, na twende naye soko la Nyangezi kabla ya mapambazuko.

Bibi yangu anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani. Jua halijatoka, tunashuka Nguba, pale pirogi za wavuvi zinapofikia. Anachagua, anagombana na wavuvi, anachagua tena. Kisha ninafunga mabeseni mawili nyuma, yanadondosha maji, yeye anajibana kati yangu na mabeseni, na tunashika njia ya sokoni. Sambaza haingojei jua. Na mimi, niseme ukweli, ile safari ndiyo ninayoishi nayo. Nyumbani kuna watoto, kuna mashemeji, kuna majirani wa kuomba chumvi. Njiani ananiongelea sikioni, mimi peke yangu: nani ameoa, nani amefukuzwa, mwaka ujao tutapaka chokaa ukuta gani. Ukininyang'anya ile safari, umenibakizia nusu ya ndoa.

Taa ya zamani ilikuwa ya manjano, dhaifu kama koroboi inayoishiwa mafuta. Ndiyo maana nikaibadilisha. Siku ya kwanza, tulipofika kwenye mteremko nikaachilia gesi, taa mpya ikatetemeka, ikazima. Tukaingia mufereji. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini sambaza zilimwagika kwenye majani, na bibi yangu akasimama katikati yao, kitenge kimejaa matope.

"Papa watoto," akasema polepole, na akisema polepole ujue mambo yameharibika. "Hii taa ikinicheza tena, mi nitapanda kwa jirani."

Jirani ni motard kama mimi, anabeba abiria kwa pikipiki. Pikipiki yake inang'aa, haijui mufereji ni nini, na yeye anaimba akiendesha. Anaimba, Yesu Maria! Ningekaa nyumbani na kusikiliza bibi yangu akienda na wimbo?

Nikapeleka pikipiki yangu pale tunapoegesha, sisi motards. Kosa. Pale kila mutu ni fundi. Mmoja alisema waya umelegea, akaukaza. Mwingine akasema umekazwa sana, akaulegeza. Wa tatu alishika kidevu, akaniuliza kama sina adui katika familia. Aka! Adui wangu alikuwa ile taa. Mwishowe fundi mwenye karakana akaniambia jambo lenyewe: ilikuwa inakula umeme moja kwa moja kutoka kwa moteri, na moteri ikipunguza mwendo, umeme nao unapungua. Akaifunga kwa batri. Ikawaka, ikatulia. Nilifurahi hata Jumapili nikaiacha inawaka mbele ya kanisa, watu wanaotoka misa waione. Padiri alihubiri sana siku ile. Tulipotoka, batri imekufa, honi inakohoa, na nikasukuma pikipiki mpaka nyumbani. Bibi yangu alitembea nyuma yangu na Biblia yake, akisalimia kila mutu njiani. Afazali angenitukana.

Batri ikajazwa. Jumatatu tukaenda, na taa haikuzima hata kidogo. Iliwaka vizuri sana. Iliwaka juu! Niliona vichwa vya mikaratusi, niliona ndege wakishtuka kwenye matawi, lakini barabara yenyewe, na mashimo yake yote, sikuiona. Dereva wa lori tuliyekutana naye alitoa kichwa dirishani na kututukana, mimi na ukoo wangu.

"Taa yako inatafuta malaika," bibi yangu akasema mgongoni mwangu.

Jioni nikasimamisha pikipiki mbele ya ukuta wa parseli, pale uani kwetu, nikachora mstari kwa makaa, nikashusha mwanga mpaka ukalala juu ya mstari. Sawa kabisa. Asubuhi, mikaratusi. Jioni tena, ukuta, mstari, bisibisi, sawa kabisa. Asubuhi, mikaratusi! Nilitaka kulia. Siku hiyo bibi yangu hakuniongelea kitu njia nzima, alinishika tu kiuno kwa nguvu, na tuliporudi akatuma mutu amuite jirani waelewane juu ya kesho.

Jirani akaja jioni, amevaa koti safi. Alinikuta nimechuchumaa mbele ya ukuta, ninaitukana taa. Bibi yangu alitutazama, akatazama mstari wa makaa, kisha akauliza: "Papa watoto, mi niko wapi hapo?"

Sikuelewa. Akajaza mabeseni maji, akaniamuru nifunge, akaniamuru nikae, na yeye akapanda nyuma yangu kama kila siku. Pikipiki ikakaa chini nyuma, pua ikainuka, na mwanga ukapanda ukuta, ukaacha mstari wangu, ukatua kwenye mabati ya nyumba ya pili. Kumbe! Motard gani wa Bukavu anaendesha pikipiki tupu? Na bado sote tunapima taa pikipiki ikiwa tupu.

Mimi na yeye tulikuwa juu, hakuna wa kushika bisibisi. Basi jirani ndiye aliyechuchumaa, na koti lake.

"Shusha," bibi yangu akamwambia. "Shusha tena. Wacha hapo. Aksanti, jirani, kesho usijisumbue."

Tangu siku ile tunaona barabara, na ameanza tena kuniongelea sikioni.

Lakini mwezi uliopita mama yake aliugua, akaenda kumwangalia Walungu. Nikaondoka alfajiri peke yangu, bila yeye na bila mabeseni. Yee! Pua ya pikipiki ilikuwa imeshuka, na mwanga wote ulimwagika kwenye gurudumu la mbele. Niliona tairi vizuri sana, na sikuona kitu kingine. Nikarudi nyumbani kungoja jua.

Akanipigia simu. "Unatembea muzuri?"

"Apana. Sioni njia."

"Si uinue taa kidogo? Bisibisi iko mu jikoni, juu ya kabati."

"Ninaiona," nikamwambia. "Siigusi. Mama akipona, urudi."