Sigiri Iliyotangulia Kilimani

Mji anaoishi dada yangu huko Marekani ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya mwanzo wa barabara, wa mwisho wa barabara anakuombea afya. Hivyo ndivyo anavyosema yeye, na dada yangu ni mtu wa kuongeza chumvi tangu utotoni. Lakini mji huo nimeuona kwa simu yake mara nyingi, maana hututembeza humo kama dalali wa viwanja. Hapa barabara kuu na maduka ya matofali mekundu, nusu yake yamefungwa. Hapa kanisa ambalo kila Ijumaa linakaanga samaki na mji mzima unakuja kula. Hapa reli, ambayo treni hupita bila kusimama. Na pale, nyuma ya tuta la udongo lililoota nyasi, mto wenyewe, mpana, rangi ya chai ya maziwa.

"Ni kama Nakivubo yetu," alituambia siku ya kwanza, akiukumbuka mfereji wa kwetu Kampala, "ila hii hainuki."

Dada yangu anamtunza bibi mmoja mjane, naye amepewa chumba cha juu katika nyumba ya bibi huyo, mtaa wa kwanza kutoka mtoni. Bibi alizaliwa katika nyumba hiyo, na ndiye aliyetupa historia ya mji, kipande leo, kipande kesho. Zamani za babu yake, magogo yalielea mtoni kutoka misitu ya juu na watu wakayapasua mbao. Misitu ilipokwisha, wakagundua kwamba mto umejaa kome, na gamba la kome linatoa kifungo kizuri cha shati. Kikajengwa kiwanda. Kila nyumba ilikuwa na mtu wa vifungo, na mama yake bibi mwenyewe alikuwa akivishona kwenye kadi za kuuzia huku akiimba. Kisha ikaja plastiki, kiwanda kikafa, na vijana wakaondoka kwa treni iliyokuwa bado ikisimama. Mpaka leo ukichimba uani kupanda nyanya, jembe linagonga magamba yenye matundu ya duara.

Gamba moja dada alimpa mgeni atuletee. Mama ameliweka dirishani kwake, hapa Old Kampala, na mara nyingine hulichukua na kuingiza kidole kwenye tundu. "Hiki kifungo kilikwenda kwa shati ya nani?" huuliza.

Kitu kingine tulichooneshwa ni mwimo wa mlango wa jikoni. Baba yake bibi, na baadaye mume wake, walichonga humo alama kwa kisu kila mto ulipoingia ndani. Alama ya juu kabisa ilimfika dada kiunoni. Bibi aliziamini alama hizo kuliko redio.

Mwaka huu theluji ya huko juu iliyeyuka kwa pupa, na mvua zikaongezea. Wakubwa wa mji wakawaambia watu wa mtaa wa kwanza wahamie shule iliyo kilimani. Majirani wakahama. Bibi akakataa. Na dada yangu, ambaye angeweza kabisa kuchukua begi lake na kupanda, akasema hamwachi.

Alitupigia simu alfajiri ya kwao. Kwetu tulikuwa tumeshakula mchana, mama anachambua maharage barazani, mimi nimekaa naye. Nikaona usoni mwa dada kwamba alikuwa amelia. Nyuma yake bibi alikuwa mezani jikoni, nguo ya kulalia, kikombe mkononi. Akainua kidole kutuonesha alama ya juu, kisha akatikisa kichwa: maji hayatafika hapo.

"Tuta linavuja," dada alisema. "Maji iko barabarani. Nimembembeleza mpaka koo imekauka."

"Hapo ndipo ulipokosea," mama akasema bila kuacha maharage. "Mkaidi unambembeleza ya nini? Mwambie hiyo alama iko ya maji ya zamani. Maji ya leo haijui kusoma. Halafu chukua sigiri yake, panda nayo kilima."

Hapa lazima nieleze. Sisi tulizaliwa bondeni, kando ya mfereji wa Nakivubo, kabla ya kuhamia huku juu. Mfereji ukifura, watu wa kule hawakupoteza muda kubishana na mkaidi. Walichukua sigiri yake, lile jiko la makaa, wakapanda nalo mlima. Mwenyewe alifuata tu, maana hakuna mwanamke wa bondeni aliyekubali moto wake ukae katika ua wa mwenzake. Mama yetu alifanyiwa hivyo. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa polisi. Siku moja alikuja mbio kutoka kazini, akamkuta mama ameketi jikoni akisema mvua ni ya kawaida, akainyakua sigiri ikiwaka, na chungu cha maharage juu yake. Mama akamfuata mpaka juu akimtukana, na mtaa mzima ukacheka. Dada yangu anakumbuka alivyoushika mkanda wa baba. Mimi nilikuwa mchanga, sikumbuki lolote.

Kisa hicho mama ametusimulia maisha yetu yote, na kila mara kama mashtaka. "Mwanamume mzima, na kofia ya serikali, anabeba jiko yangu kama mwizi!" Kiliishia hapo, kwenye vicheko vya watu. Sigiri yenyewe ipo mpaka leo kwenye pembe ya baraza, imeshika kutu. Alisema imeaibishwa, na hakuiwasha tena.

"Mama, hapa hakuna sigiri," dada alisema. "Iko jiko ya umeme, kubwa, imeshikana na ukuta."

"Basi bandua."

Na dada yangu, mtu mzima mwenye vyeti viwili, akaenda kulibandua! Simu aliiegemeza mahali, tukaona mgongo wake tu, akivuta na kuhema. Jiko likasogea kidogo, likakwama. Bibi akamtazama kwa upole kama mtu anayemtazama mgonjwa. Hapo nikapandwa na hasira.

"Acha wazimu wewe!" nikapiga kelele. "Huyo bibi asubuhi akiamka, kitu cha kwanza anashika nini?"

Dada akageuka. Akatazama kabati. Juu yake kulikuwa na mashine ya kahawa, inakoroma na kudondosha. Akachomoa waya, akaikumbatia pamoja na jagi lake la kioo, akaichukua simu kwa mkono wa pili na kutoka. Tulichosikia mwisho ni maji yakichapwa na miguu, na sauti ya bibi nyuma, kali, ikimwita majina ambayo sikuhitaji mkalimani kuyaelewa. Kisha simu ikakatika.

Nikapiga, haiingii. Nikapiga tena. Mama alikuwa akichambua yale yale maharage aliyokwisha kuchambua. Adhana ya alasiri ikatoka, akaswali, akarudi, akakaa. "Banange, jamani, mtoto wangu," alisema mara moja tu. Niliogopa sana, na sioni sababu ya kuficha.

Simu ilipolia niliiangusha kabla ya kuipokea. Dada alikuwa katika ukumbi wa shule, amelowa mpaka mapajani, anacheka na kulia. Akatugeuzia simu. Bibi alikuwa kwenye kiti cha watoto, koti juu ya nguo ya kulalia, mashine yake imechomekwa ukutani, akiwamiminia majirani kahawa. Dada alipomkaribia, bibi aligeuza uso.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Tuta lilivunjika asubuhi ile ile. Maji yalipopungua dada alituonesha mwimo wa mlango. Mstari wa matope ulikuwa juu ya kichwa chake.

"Na bibi?" mama akauliza. "Amekushukuru?"

"Wapi! Anawaambia mji mzima nimemwibia mashine yake. Kila anayekuja, anaanza upya."

Nilitarajia mama acheke. Badala yake, simu ilipokwisha, akainuka, akaivuta ile sigiri kutoka pembeni, akaipangusa kwa ukingo wa leso yake, akaweka makaa.

"Tuliporudi chini bondeni siku ile," alisema akiyapepea, "ukuta wa jikoni ulikuwa umelala pale nilipokuwa nimekaa."

Hilo sikuwahi kulisikia. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia.

"Baba yenu hakuniuliza asante," akasema. "Nami sikumpa."

Akaendelea kupepea mpaka makaa yakashika. Kisha akateleka birika, akanitazama.

"Wewe ulikuwa mgongoni kwangu," akasema. "Lete vikombe. Na cha baba yako."