Maji ya Sabuni Kwenye Breki za Mjomba

Nilitia maji ya sabuni kwenye breki za gari la mjomba, nikanyamaza. Si eti nilitaka kuua mtu. Mjomba alikuwa amelala chini ya gari hapo kwetu Tuwan, Kitale, akitoa hewa kwenye breki, na kazi yangu ilikuwa kumimina mafuta ya breki kwenye kikopo chake juu. Nikawa naigiza mtangazaji wa mbio za magari, nikapunga mkono, chupa ikaanguka, mafuta yote chini. Nilishawahi kuona fundi wa barabarani akimwokoa mteja kwa maji ya sabuni ya vyombo. Nikajiambia, si hata rangi zinakaribiana.

Magari yenyewe ni mawili, yote ya spoti, milango miwili. La mjomba ni la miaka ya sabini: pua ndefu, gia za mkono, linanuka petroli hata likiwa limezimwa. La baba ni la miaka ya tisini: taa zinachomoka kama macho ya chura, na linajibadilishia gia lenyewe. Kila Jumapili baba na mjomba walibishana lipi ni bora. Baba aliliita la mjomba jeneza lenye redio.

Siku hiyo tulikuwa tunaenda Bungoma kwa nyanya. Mama akapanda la kaka yake. Mimi nikapanda la baba, nyuma yao.

Mpaka Kamukuywa bado nilikuwa nacheka. Kisha mteremko wa kushukia Webuye ukaanza. Taa za breki za mjomba zikawaka, zikazima, zikawaka tena haraka haraka, kama mtu anayekanyaga kitu kisichomjibu. Gari halikupunguza mwendo. Mbele yake kulikuwa na trela la miwa.

"Huyu anacheza nini?" baba akauliza polepole.

Nikamwambia yote. Hakunipiga. Hakunitazama hata.

Tukasikia injini ya mjomba ikilia: gia ya tatu, ya pili, ya kwanza. Hapo lile kuukuu lilitushinda, maana letu lingesubiri kuamua lenyewe. La mjomba likakata kushoto, likazama kwenye mahindi, likasimama, moshi ukitoka kwenye magurudumu.

Mjomba alibaki ameshika usukani. Mama alishuka, akatoa majani ya mahindi kwenye nywele, akamsikiliza baba hadi mwisho. Kisha akanijia.

"Asubuhi nilimuuliza mjomba wako kama breki ziko sawa," akasema. "Ulikuwa umesimama hapo. Ni wewe ulinifungulia mlango wa gari lake."