Nani Anaanua Nguo za Refa

Jezi ya refa ni mnafiki. Ukiitoa kwenye kamba inanukia sabuni, ukiivaa inanukia sabuni, ukipuliza filimbi ya kuanza mpira bado imetulia kabisa. Ngoja uanze kukimbia. Mwili ukishapata joto, lile jasho la wiki iliyopita, ambalo uliapa kwamba limekwenda na povu, linaamka na kukaa puani pako kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Kwamba inanuka nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kwamba na wengine wanajua. Siku moja timu ya mtaa wetu, Shanwe, walikuwa wanacheza na wageni kutoka Kasekese, nami nikatoa penalti ambayo hata leo ningeitoa. Wachezaji wakanizunguka, kila mmoja na kiapo chake. Beki mmoja akanisogelea mpaka tukawa kifua kwa kifua, halafu ghafla akarudi nyuma na kushika pua. "Jamani, refa ananuka!" akapiga kelele. Waliokaa pembeni ya uwanja wakalidaka neno hilo kama walikuwa wanalisubiri tangu asubuhi. "Refa kaoge! Refa kaoge!" Waliimba mpaka mpira ukaisha.

Nimetukanwa sana katika kazi hii. Nimeitwa kipofu, mla rushwa, mchawi, na mama mmoja aliwahi kunifuata na mwiko wake wa ugali mpaka nusu ya uwanja. Sikuwahi kukosa usingizi, maana dua la kuku halimpati mwewe. Lakini hili liliniuma. Kipofu sikuwa na rushwa sikula, ila kunuka nilikuwa nanuka, na mtu hawezi kumtolea kadi anayesema kweli.

Tena naoga. Naoga asubuhi na jioni, hata wiki zile ambazo bomba la mtaa linatoa upepo mtupu. Tatizo lilikuwa jezi. Mke wangu alipokuwa hai sikujua inafuliwaje. Nilikuwa naivua mlangoni, naidondosha kwenye beseni, na siku ya mechi naikuta juu ya kitanda imekunjwa, mikono imewekwa ndani kama ya mtoto aliyelala. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anaifanyaje. Alipofariki nilizipeleka nguo zangu zote kwa dobi, mashuka, suruali za kazini, kila kitu. Jezi dobi aliirudisha kwa ncha za vidole. "Mzee, hii itaniharibia pasi," alisema. Nikaelewa alichokuwa anaogopa hakikuwa pasi.

Basi nikaanza kuifua mwenyewe, na niliifua kwa hasira. Niliimwagia maji ya moto kama ya kunyonyolea kuku. Nikaongeza sabuni ya unga mpaka povu likafurika kwenye beseni. Nikaweka dawa ya madoa, kola nyeusi ikageuka rangi ya chai. Nikanunua ile dawa nzito ya kulainishia nguo yenye harufu ya maua, na Jumamosi hiyo nikanuka kama beberu aliyepakwa marashi. Mwisho nikaipiga pasi ya mkaa. Mkono wa kushoto ulijikunja na kushikana na pasi, na mpaka leo una kovu gumu linalokwaruza.

Siku ile ya pasi ndipo nilipopata akili. Nilishika lile kovu nikaona kwamba kitambaa hiki hakina undugu na pamba. Ndugu yake ni dumu la plastiki la maji. Na dumu likishawahi kuwekwa mafuta ya taa, unajua mwenyewe, utalisuuza mwaka mzima na maji yake bado yatakuwa na neno la kukwambia. Jasho la mwanaume wa umri wangu lina mafuta yake. Maji ya moto yalikuwa yanayapikia humohumo, na ile dawa ya maua ilikuwa inayafunika blanketi.

Nikajiwekea sheria, maana sheria ndiyo kitu pekee ninachokijua vizuri. Jezi isilale kwenye mfuko hata kidogo, ikitoka mwilini iingie majini. Igeuzwe ndani nje. Iloekwe kwenye maji ya baridi yaliyokamuliwa ndimu. Sabuni kidogo tu, ya mche, na nguvu yote iende kwapani. Isuuzwe mpaka maji yawe maji. Isikamuliwe kwa kunyongwa, na pasi isiisogelee tena maishani mwake. Kiangazi chote nilishinda. Vumbi letu jekundu liliingia hadi kwenye soksi, lakini harufu ilikuwa imekwisha, na nilianza kuwasogelea wachezaji bila woga.

Kisha mvua zikaanza, na harufu ikarudi.

Hapa inabidi nieleze kuhusu kamba. Nyumba niliyopanga ina vyumba vinavyotazamana, na katikati kuna uwanja wenye kamba moja ya kuanikia, kutoka kwenye nguzo ya bafu mpaka kwenye ukuta. Kamba ni ya wote. Mvua ikikaribia, mwanamke wa kwanza kuiona anapiga ukelele, "Mvua jamani, nguo!", na waliopo wanatoka mbio na kuanua kila kilichopo, cha wao na cha wasiokuwepo. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ndivyo watu wanavyoishi.

Mimi asubuhi naanika, nakwenda ghalani kupokea magunia ya mahindi, narudi jioni. Jezi kama ile saa sita mchana inakuwa imeshakauka, na alasiri mvua inairudisha ilikotoka. Nilikuwa nafika na kukuta kamba tupu, nguo za watu wote zimeshaingia ndani, isipokuwa jezi yangu, bukta yangu na soksi zangu, zinachuruzika peke yake katikati ya uwanja. Nikiziingiza chumbani, chenye dirisha dogo, zinakaa na ubichi mpaka zinaota uvundo. Nilijaribu kuanika humohumo ndani, ikawa mbaya zaidi.

Sikuwalaumu wale wanawake. Suruali ya mwenye mke ni ya mke wake, unamwanulia mwenzako. Nguo ya mwanaume asiye na mke ni ya nani? Mwanamke akiingiza bukta ya mjane chumbani kwake, mume atauliza. Akiipeleka mlangoni kwa mjane, uwanja mzima utauliza, na jibu litapatikana hata kama halipo. Sheria ile haikuandikwa popote, lakini niliiheshimu. Ila jioni moja, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na jezi mbichi mapajani, nilielewa kitu kilichokuwa kinanuka. Nilikuwa nimeshaitoa harufu ya jasho. Iliyobaki ilikuwa ya kukosa mtu. Nililia, na mabati yalikuwa yanapiga kelele ya mvua, kwa hiyo nililia kwa sauti.

Chumba kinachotazamana na changu kilikuwa na mwanamke wa Kibaoni, Mpimbwe kwa kabila, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mume wake alikuwa anakwenda ziwani kuchukua dagaa na samaki wa migebuka, anakaa huko siku kadhaa, anarudi na magunia yake. Jioni moja mume akiwepo, na wanawake wote wakiwa milangoni na majiko yao, alinikuta nazitoa nguo zangu kwenye kamba zikiwa zimeloa. Akasimama, mikono kiunoni.

"Refa, hebu nikuulize mbele ya watu. Hiyo jezi unaianika ikauke au unaianika inyeshewe?"

"Naianika ikauke, mama."

"Mbona kila siku inanyeshewa?"

"Nakuwa kazini."

"Haya. Nyie wote sikieni, na baba watoto huyu hapa anasikia. Kuanzia leo huyu ni kaka yangu. Mvua ikija, namwanulia. Mwenye neno aseme sasa hivi, asingoje kwenda kulisemea bombani."

Tukamwangalia mume, aliyekuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua hata kichwa. "Mwanulie tu," alisema. "Harufu yenyewe inaingia mpaka kwenye dagaa wangu. Wateja wananiuliza kama wameoza."

Uwanja wote ulicheka. Mimi nilichelewa kidogo, nikacheka wa mwisho.

Tangu siku hiyo, nikirudi siku ya mvua nilikuwa nasikia kabla sijagusa kufuli: "Kaka, nguo zako!" Zinakuwa kwenye kiti cha plastiki barazani kwake, kavu, zimekunjwa. Navuka uwanja, nazichukua, ananiambia pole na kazi, ananiuliza mechi lini, namwambia. Basi. Haikufika hata muda wa chai kupoa. Lakini nyumbani kwangu sauti zilikuwa mbili tu, redio, na binti yangu aliyeolewa Mwanza, anayepiga simu Jumapili na kuniuliza kama nakula. Siku nyingine lile "kaka, nguo zako" ndilo lilikuwa neno la kwanza mtu kuniambia tangu asubuhi ambalo halihusu magunia.

Na jezi ikaacha kunuka. Yule beki aliyeshika pua alinisogelea tena msimu huohuo, kifua kwa kifua, akinilalamikia kuhusu kuotea. Nilimwacha alalamike kwa raha zake. Alipomaliza, nilimpa kadi ya njano.

Goti ndilo lililonitoa. Kila mwaka waamuzi tunapimwa mbio, na mwaka huo nilisimama kabla ya wengine, nikainama, nikajua. Vijana walinishika mabega kwa heshima. Nilirudi nyumbani, nikaitundika filimbi kwenye msumari, nikaifua jezi mara ya mwisho kwa ndimu na kila kitu, nikaiweka sandukuni.

Watu waliniambia sasa utapumzika. Sikujua kwamba nimejitoa kwenye kamba. Nguo zangu nyingine zote zilikuwa kwa dobi, kwa hiyo mvua zilipoanza tena sikuwa na kitu cha kuanuliwa. Yule dada hakubadilika. Alinisalimia kila asubuhi, lakini ilikuwa salamu ya kupita, anawahi bombani. Nilikuwa narudi jioni, nafungua kufuli, naingia, na hakuna aliyeniita. Kwenda kukaa barazani kwake bila sababu nisingeweza, hasa mume akiwa ziwani. Ukaka wetu ulikuwa wa mvua na nguo. Nilikuwa napika ugali wangu, nakula, nasikiliza matokeo ya mpira redioni, na nilikuwa naona aibu kwamba mtu mzima wa umri wangu anaililia sauti ya jirani.

Jumamosi moja mawingu yalijikusanya mapema. Nilifungua sanduku, nikaitoa jezi. Ilikuwa safi. Niliitia kwenye beseni hivyohivyo, nikakamua ndimu, nikasugua kwapa ambalo halikuwa na kosa, nikasuuza mpaka maji yakawa maji, ingawa tangu mwanzo yalikuwa maji. Nikaianika katikati ya kamba. Kisha nikafunga mlango, nikaenda kukaa stesheni, mahali ambapo mtu akikaa hakuna anayemuuliza anangoja nini. Treni haikuwepo siku hiyo. Mvua ilipopiga nilisubiri ipungue, nikarudi taratibu, nikikwepa madimbwi, na moyo unanidunda kama siku ya mechi yangu ya kwanza.

"Kaka, nguo zako!"

Nilivuka uwanja, nikaichukua, akanipa pole. Nililala vizuri usiku huo.

Nikafanya hivyo tena wiki iliyofuata, na nyingine. Nikawa naangalia mawingu kama mkulima. Jezi ilianza kuchakaa kwa kufuliwa, sio kwa kuvaliwa, na lile kovu la pasi likapasuka.

Kisha siku moja niliporudi, dada hakuiweka kwenye kiti. Alikuwa ameishika. Niliponyoosha mkono, hakunipa. Aliigeuza ndani nje, akalileta kwapa puani, kama mama anavyokagua nguo za watoto kabla ya kuamua zipi zifuliwe. Akanusa upande wa pili pia. Nilihisi aibu kubwa kuliko ile ya siku ya penalti, kwa sababu safari hii jezi ilikuwa hainuki kitu.

"Hii haina jasho," alisema.

Nikaurudisha mkono wangu.

"Hata ya wiki iliyopita haikuwa nalo."

"Niliacha urefa," nikasema.

"Najua. Mtaa mzima tunajua. Huyo mliyemwachia hata penalti haijui."

Nilingoja acheke. Pale barazani palikuwa na wanawake wengine wawili wanaochambua mchele, naye ana sauti ya kuita ng'ombe. Angetaka, mpaka jioni bomba zima lingekuwa na habari hiyo. Aliirudisha jezi upande wake wa nje, akaikunja polepole, mikono ndani, akanipa. Kisha akaangalia juu, kwenye mawingu yaliyobaki.

"Kesho nayo itanyesha," alisema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Anika mapema, kaka, nikitoka kanisani niikute."